Betri Ikifa, Inazikwa Wapi?



Liko swali ambalo wengi wetu hapa ughaibuni hatujiulizi, kwa kuwa jibu lake linaonekana jepesi mno. Kitu ulichokinunua kwa jasho lako, ukakitumia mpaka kikachakaa, kisha ukakitoa mikononi mwako, je, bado ni chako? Kwa mujibu wa risiti, si chako tena. Umelipa, umetumia, umeondoa, basi yamekwisha. Sisi tunataka kulichokonoa jibu hilo kidogo, na tutafanya hivyo kwa kutumia kitu ambacho hakuna mshairi aliyewahi kukisifu: betri ya ndani ya gari la kulala.

Magari haya, ambayo wenyeji wa Uingereza huyaita kempa, zamani tuliyaona ni mambo ya wazee wa Kizungu waliostaafu. Siku hizi hata familia zetu zimo. Ukiwa na watoto watano na bibi aliyekuja kutembea, hoteli ya siku nne huko Wales ni mshahara wa mwezi. Sisi tunaoandika makala haya ni familia nne. Tulichangishana kama watu wa upatu wanavyochangishana, tukanunua gari moja kuukuu, na kila familia ina wiki zake. Ndani mna vitanda, jiko la gesi, friji ndogo na taa. Na ukiinua ubao wa kiti cha nyuma utazikuta betri mbili zimekaa gizani, ndizo zinazolisha nyumba yote.

Kwa wasiozijua, gari la namna hii lina betri za aina mbili. Ya kwanza ni ya kuwashia injini. Hiyo hutoa nguvu nyingi mno kwa sekunde chache, kama kuli anayeinua gunia mara moja na kulitua. Ya pili ni betri ya nyumba. Hii hutoa kidogo kidogo kwa saa nyingi, kama mlinzi wa usiku anayekesha mpaka alfajiri. Kati yao huwekwa kifaa cha kuzitenganisha, ili taa na friji zisije zikamaliza moto wa kuwashia injini, mkajikuta mmekwama mlimani na watoto.

Betri ya risasi si kitu kipya. Mfaransa Gaston Planté aliiunda mwaka 1859, na mpaka leo kanuni yake ni ileile: sahani za risasi ndani ya tindikali. Unapoitumia, sahani zinapata utando wa salfeti ya risasi. Unapoichaji, utando unayeyuka na kurudi ulikotoka. Ikiachwa bila chaji kwa wiki nyingi, utando ule unageuka kuwa chembe ngumu zisizoyeyuka tena, na kila chembe ni nafasi iliyopotea moja kwa moja. Betri iliyojaa na kupumzika inaonyesha takriban volti 12.7. Ikifika 12.2 hivi, nusu imekwenda, na fundi yeyote mwaminifu atakwambia usiwe na mazoea ya kushuka chini ya hapo. Kwa hiyo betri iliyoandikwa ampea-saa 100 ina ampea-saa 50 tu za kutumia bila kuiumiza. Zilizobaki si zako. Ni uhai wake.

Kuirudishia ulichochukua kuna njia tatu. Ya kwanza ni alteneta ya injini wakati gari linatembea. Ya pili ni umeme wa uwanja wa kambi, ambapo unachomeka waya na chaja inafanya kazi usiku kucha. Ya tatu ni paneli ya sola juu ya paa. Zote zina masharti. Sehemu ya kwanza ya chaji huingia haraka, lakini ile ya mwisho huingia kwa mwendo wa kobe. Betri inayokaribia kujaa inapokea kidogo kidogo kwa saa kadhaa, na haiharakishwi. Anayeendesha nusu saa kutoka kambini hadi dukani akidhani amejaza betri amejidanganya. Paneli ya wati 100, kwa jua la hapa, mwezi Juni inaweza kurudisha ampea-saa 30 hivi kwa siku. Mwezi Desemba, mara nyingine hata tano hazifiki. Friji peke yake inaweza kula 30 au 40 kwa siku moja.

Hapo ndipo ujirani unapoingia. Betri ikiwa ni ya watu wengi, anayeimaliza siye anayekaa gizani. Familia ya wiki ya kwanza inaweza kufurahia friji baridi na taa mpaka usiku wa manane, ikalirudisha gari na volti 11.8, na likakaa uani siku kumi. Taa zitawaka bado kwa familia ya pili. Zitawaka hata kwa ya tatu, kwa unyonge. Giza litamwangukia wa nne, naye ndiye atakayelaumiwa kwa kuwa betri imefia mikononi mwake. Bandu bandu huisha gogo, lakini aliyepiga shoka la mwisho ndiye watu wanayemwona.

Dawa yake tuliiona mapema: daftari dogo lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kila anayechukua gari anaandika volti alizozikuta, na anayerudisha anaandika anazoziacha, baada ya betri kupumzika saa chache, maana iliyotoka kuchajiwa sasa hivi huonyesha namba ya kujipendekeza. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mchezo huo umetuweka pamoja miaka saba bila ugomvi.

Lakini haki ya namna hiyo ni nyepesi, kwa sababu wote tunaoidai tunajuana. Tunakaa mji mmoja, tunakutana harusini na misibani. Anayekuachia betri tupu utamwona Jumamosi. Ugumu unaanza pale anayeachiwa ni mtu usiyemwona na usiyemjua.

Mwaka wa saba betri zetu zilichoka. Zilikuwa zikionyesha 12.7 asubuhi, na saa mbili za friji zinaporomoka. Hiyo ndiyo dalili ya uzee: si kwamba hazijai, bali chombo chenyewe kimepungua. Na kwa kuwa zimeunganishwa sambamba, haifai kubadilisha moja na kuiacha nyingine, maana kongwe humvuta mpya, na baada ya muda zote zinakuwa kongwe. Tukakubaliana kuzitoa zote mbili.

Mjadala wa kwanza ulikuwa tununue za namna gani. Siku hizi wengi wanahamia betri za lithiamu za aina ya fosfeti ya chuma. Utafiti uliozizaa ulichapishwa mwaka 1997 na kundi la John Goodenough huko Texas, bwana yuleyule aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2019 pamoja na wenzake wawili. Ya ampea-saa 100 ina uzito wa takriban nusu ya ile ya risasi, unaweza kutumia sehemu kubwa ya chaji yake bila kuidhuru, na hustahimili kuchajiwa mara maelfu. Ila ina masharti yake: haitaki kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri, na ina pupa ya umeme kiasi cha kuweza kuichosha alteneta, hivyo inahitaji chaja maalumu katikati. Na bei yake ya kuanzia inauma.

Mmoja wetu, mtu wa Lubumbashi, aliuliza swali ambalo hakuna muuzaji aliyetuandalia jibu lake: je, ndani yake mna kobalti? Kwa watu wa Katanga hilo si swali la kitabuni. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, mengi yake pande za Kolwezi, na wako wanaoingia mashimoni kwa mikono na sururu, watoto wakiwemo, wakizungumza Kiswahili hikihiki tunachokiandika hapa. Jibu likapatikana kwamba betri ya fosfeti ya chuma haina kobalti wala nikeli. Tukashusha pumzi. Kisha yuleyule bwana akatoa simu yake mfukoni, akaiweka juu ya meza bila kusema kitu, maana betri nyingi za simu zinayo. Tulimwelewa. Kuchagua vizuri mara moja hakukufanyi kuwa msafi wa kila kitu. Lakini pia si sababu ya kutochagua.

Mjadala wa pili ndio ulioleta makala haya: zile kuukuu ziende wapi?

Mwenzetu mmoja alisema zipelekwe nyumbani. Kuna kontena la jamaa linajazwa kwenda Mombasa, lina friji, magodoro na baiskeli, na nafasi ya betri mbili haikosekani. Ana shangazi yake huko Kilifi mwenye kipaneli cha sola na betri iliyochoka kuliko hizi. Hoja yake tuipe haki yake, kwa kuwa haikuwa hoja ya mtu mbaya. Alisema hivi: “Kwetu betri yenye nusu ya nguvu ni takataka kwa sababu tunataka friji na taa sita. Shangazi anataka taa mbili na kuchaji simu. Nusu yetu ni nyingi kwake. Kitu kutupwa na huku kuna mtu anakihitaji, hiyo ndiyo dhambi.”

Nani kati yetu hajawahi kusema maneno kama hayo? Wengi tumekulia katika nyumba ambazo hakuna kilichotupwa. Kopo la maziwa lilikuwa koroboi, tairi lilikuwa viatu. Wapo wanaokumbuka betri ya gari ikifungwa nyuma ya baiskeli kupelekwa mjini kuchajiwa, ili kijiji kizima kitazame mpira Jumapili. Mtu aliyetoka huko akiona Mzungu anatupa kitu kinachowaka moyo unamuuma, na kuumwa huko ni uadilifu, wala si ushamba.

Hata hivyo tulimjibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni la sheria, na ni fupi. Betri ya risasi iliyokwisha ni taka hatari. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 na ule wa Bamako wa mwaka 1991, uliotungwa na nchi za Afrika zenyewe, ilikuja kwa sababu mataifa tajiri yalizoea kuhamishia sumu zao kwa maskini. Sheria za Uingereza zinakataza kupeleka taka hatari katika nchi zisizo ndani ya OECD, na zinakataza pia betri za aina hii kufukiwa jalalani au kuchomwa moto. Mtu anaweza kubisha kwamba betri inayowaka bado si taka. Sawa. Lakini sheria ni uzio tu. Swali letu liko ng’ambo yake.

La pili ndilo zito. Betri ile ikiwa imebakiwa na mwaka mmoja, baada ya mwaka huo itafia kwa shangazi. Hapo atafanya nini? Atafanya kile ambacho kila mtu hufanya: atamuuzia kijana wa vyuma chakavu anayepita na mkokoteni. Kijana atamuuzia mwenye ghala, na mwenye ghala atamuuzia anayeyeyusha. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, na risasi ina soko siku zote. Sasa inayeyushiwa wapi?

Wasomaji wetu wa Pwani wanalijua jina la Owino Uhuru. Ni kijiji cha Mikindani, Mombasa, cha watu maelfu kadhaa, ambacho mwaka 2007 kilipata jirani mpya: kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu. Moshi na vumbi vilitua juu ya mapaa na mabomba ya maji, na maji machafu yakapita walipochezea watoto. Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani humo mwaka 2009. Mtoto wake aliyekuwa akinyonya akaugua, homa isiyoeleweka, mpaka vipimo vilipoonyesha risasi katika damu yake. Mama yule akaacha kazi, akaanza kuwakusanya majirani, akakamatwa, akatishwa, hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwezi Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3 na udongo wao usafishwe. Mahakama ya Rufani iliutengua uamuzi huo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Hesabu wenyewe: tangu kiwanda kuwashwa mpaka neno la mwisho la mahakama ni miaka 17. Aliyezaliwa mwaka ule ameshaota ndevu.

Kiswahili chetu kina neno moja kwa madini haya na kwa kile kinachotoka katika mtutu wa bunduki. Tofauti ni kwamba ya bunduki humpata aliyelengwa. Hii nyingine haina shabaha. Inaingia kwa pumzi, kwa vumbi la vidoleni, na miili ya watoto huipokea zaidi kuliko ya wakubwa. Huharibu ubongo wao unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Si Mombasa peke yake. Thiaroye-sur-Mer, pembeni ya Dakar, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 mahali ambapo watu walikuwa wakivunja betri na kupepeta udongo wake.

Jambo lililotushughulisha zaidi katika kesi ile ni namna mahakama ilivyoutazama mzigo. Haikumtafuta mkosaji mmoja. Iligawa lawama kati ya mamlaka za serikali zilizotoa vibali na kufumba macho, na kampuni zilizohusika. Lakini kuna kundi moja ambalo halikushtakiwa, na lisingeweza kushtakiwa: waliokuwa na zile betri kwanza. Madereva wa matatu, wenye magari madogo, wenye sola. Kila mmoja aliuza betri moja, akapata pesa ya mboga, akaenda zake. Hakuna aliyemdhuru mtu. Na watoto wakadhurika.

Je, watu hao wana hatia? Tumelizungusha swali hili jioni nyingi. Mwenzetu wa shangazi alisema, na hapa tunamkubalia, kwamba binadamu hawezi kufuata kila kitu chake mpaka kaburini. Shati, sufuria, kalamu, utavifuata vyote? Ungekufa njiani. Kumdai mtu wajibu asioweza kuutimiza ni kumwonea. Na dereva wa matatu hakuwa na pengine pa kuipeleka betri yake.

Sisi tunaona wajibu unapimwa kwa mambo matatu: unajua nini, unaweza nini, na kitu chenyewe ni cha namna gani. Shati litaoza. Risasi haiozi, ilivyokuwa kabla ya Planté ndivyo ilivyo leo na ndivyo itakavyokuwa. Sifa hiyohiyo ndiyo inayoifanya iwe sumu ya vizazi na iwe pia mali isiyokwisha, kwani katika kiwanda kinachochuja moshi wake karibu risasi yote ya betri inaweza kurudi kuwa betri mpya. Tofauti ya baraka na balaa ni nani anayeyeyusha na wapi. Dereva wa Mombasa hakujua, na angejua asingeweza kitu. Sisi tunajua, maana jina la Owino Uhuru tumelisoma. Na tunaweza, maana maili chache kutoka hapa pana yadi yenye leseni inayopokea betri na hata kutulipa kwa kilo. Mwenye kujua na kuweza, akachagua kontena, amepeleka mwisho wa betri yake kwa mtu asiye na njia ya kuumaliza salama. Mwanga wa miaka saba tumeula sisi. Miguu ya kuku isielekezwe kwa shangazi.

Ndipo tukafikia kipimo cha zawadi ambacho tunakitoa kwenu mkijadili. Ukitaka kupeleka kitu nyumbani, usiulize tu kama bado kinafanya kazi. Uliza kitakapokufa, nani atabeba maiti. Ikiwa wewe umekula nyama na yeye anapelekewa mifupa na kazi ya kuizika, hiyo si zawadi hata ukiifunga kwa kitenge.

Betri zetu mbili, kilo hamsini za uzito, tulizibeba watu wawili wawili mpaka yadi. Pesa tulizopewa hazikutosha hata nusu ya betri ndogo, tukaongezea kwa mchango, ikanunuliwa mpya ya fosfeti ya chuma huko huko Mombasa, ikafungwa kwa shangazi na fundi wa pale. Hatusemi tumetakata. Betri mpya nayo ina mwisho wake, na njia za kuzirejesha za aina hiyo bado ni chache kwetu kuliko za risasi. Kwa hiyo tumeandika katika daftari lilelile la volti, kwenye ukurasa wa nyuma, tarehe iliyofungwa na jina la anayewajibika kuuliza habari zake itakapochoka. Pengine itakuwa miaka kumi. Pengine mwenye jina hilo atakuwa amehama mji. Ndiyo maana tumeandika majina mawili.

Wenzetu mnaojaza makontena msimu huu, pitieni orodha zenu. Magari mnayoyatuma yana betri ndani, taa za sola zina betri, simu za zamani zina betri. Hatuwaambii msitume. Tunawaomba kila chenye betri kiende na jibu la swali moja: kikifa, kinazikwa wapi? Na kama yupo msomaji anayejua mahali pa kuaminika pa kupokelea betri kuukuu Dar es Salaam, Zanzibar, Bujumbura au Lubumbashi, atuandikie. Tutachapisha anwani hizo katika toleo lijalo, maana zitawafaa watu kuliko makala yetu.